Maji Juu ya Paa la Moto: Habari za Boila za Magari ya Moshi Katika Bonde la Ufa



Wazee waliokulia Nakuru, Njoro au Molo kabla ya mwaka 1970 wangali wanaikumbuka sauti ya injini za mvuke zikipanda mlima wakati wa usiku. Ilikuwa pumzi nzito iliyosikika kutoka mbali, kisha mluzi, kisha kimya cha ghafula pale injini ilipofika kileleni na kuanza kuteremka upande wa pili. Waliokuwa vitandani walisema, "Gari limekwisha vuka," wakajigeuza wakalala. Ni wachache walioelewa kwamba kimya kile ndicho kilichokuwa saa ya hatari kwa watu wawili waliosimama ndani ya injini, na kwamba uhai wao ulitegemea inchi chache za maji yaliyofichika ndani ya chuma, ambayo hawakuweza kuyaona ila katika kijibomba cha kioo chembamba kama kidole. Maji hayo ndiyo yatakayonenwa hapa.

Kwanza yafaa kuitazama nchi yenyewe. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, Nakuru mwaka 1900, na ufukoni mwa Ziwa Viktoria, mahali paitwapo sasa Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Katika miaka ya 1920 njia nyingine ilijengwa kutoka Nakuru kwenda Eldoret na kuendelea Uganda, nayo ikafika Kampala mwaka 1931. Hivyo Nakuru ikawa njia panda ya reli. Mji huo, ambao tangu Desemba 2021 ni jiji, uko kiasi cha futi 6,000 juu ya bahari, na kila upande gari lielekeako magharibi halina budi kupanda. Njia ya Kisumu hupita Njoro na Molo hadi Mau Summit, zaidi ya futi 8,300. Njia ya Eldoret hupita Rongai, huikata Ikweta, na hupanda hadi Timboroa, zaidi ya futi 9,000. Msikilizaji afikirie mamia ya tani za mizigo zikiinuliwa kiasi cha futi 3,000 kwa safari moja ya nusu siku. Nguvu yote ya kuinua mzigo huo, kwa muda wa miaka zaidi ya hamsini, ilitoka katika maji yaliyochemshwa.

Sasa boila ni kitu gani? Watu wengi hudhani kwamba ni pipa kubwa lililowekwa juu ya moto kama sufuria juu ya mafiga. Sivyo. Mpishi yeyote ajua jinsi mafiga yanavyopoteza moto. Nusu ya joto huwapata waliokaa kando, na moshi huondoka na sehemu nyingine. Katika boila ya gari la moshi moto hauko chini ya maji, bali umo ndani ya maji. Nyuma kabisa, karibu na dereva, kuna sanduku la moto, nalo ni chumba cha shaba au cha chuma cha pua. Maji hulizunguka sanduku hilo ubavuni, mbele, nyuma na juu ya paa lake. Kutoka katika sanduku hilo hutokeza mirija mingi myembamba inayopita katikati ya pipa refu lililojaa maji, hadi chumba cha moshi kilicho mbele chini ya dohani. Ndimi za moto na hewa ya moto hupita ndani ya mirija, na maji huizunguka mirija kwa nje. Joto likifika kwenye dohani limekwisha kunyang'anywa sehemu kubwa ya nguvu yake.

Faida ya mirija mingi ni rahisi kuielewa. Muhogo mzima huchelewa kuiva. Ukikatwa vipande huiva upesi, kwa maana maji ya moto huugusa mahali pengi. Kadhalika bomba moja nene la moto hugusa maji kidogo, lakini mamia ya mirija myembamba huyagusa maji mengi kwa wakati mmoja. Ufaransa, Marc Seguin aliutumia mpango huu, na Uingereza ulipata sifa mwaka 1829, pale injini ya akina Stephenson iliyoitwa Rocket iliposhinda mashindano ya Rainhill ikiwa na mirija 25 ya shaba. Tangu siku ile hadi injini ya mwisho ya mvuke iliyoletwa Afrika Mashariki, mpango haukubadilika isipokuwa kwa ukubwa.

Jambo jingine lililoanza zamani zile ni namna ya kuupuliza moto. Mvuke ukiisha kusukuma pistoni hautupwi ovyo. Hupelekwa katika chumba cha moshi na kurushwa juu kwa kasi kupitia dohani, nao uondokapo huburuta hewa pamoja nao. Pengo hilo hujazwa na hewa mpya ivutwayo kupitia mirija, na hatimaye kupitia moto wenyewe. Hii ndiyo ile pumzi iliyosikika usiku. Uzuri wake ni huu: mlima ukizidi kuwa mkali injini hutumia mvuke mwingi zaidi, mvuke mwingi huvuta hewa zaidi, na moto huwaka zaidi saa ile ile unapohitajiwa. Mfua chuma humwajiri kijana wa kuvuta mivukuto; injini hujivutia mivukuto yake yenyewe.

Moto wenyewe ulibadilika kadiri miaka ilivyopita. Zamani reli ilichoma kuni nyingi zilizokatwa katika misitu ya nyanda za juu, na baadaye mikalitusi iliyopandwa kwa kazi hiyo. Makaa ya mawe nayo yalitumika. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia injini kubwa zilichoma mafuta mazito, yaliyorushwa ndani ya sanduku la moto kama mnyunyizo. Mchocheaji aliyekuwa akitupa vigogo akapumzisha mgongo wake, lakini macho yake hayakupumzika hata kidogo, kama itakavyoonekana.

Jambo lipasalo kufahamika sana ni habari ya joto na shindikizo. Mama wa Molo apikaye maharagwe ajua ya kuwa huchukua muda mrefu kuliko ya dada yake aliye Mombasa. Sababu ni kwamba juu milimani hewa ni nyepesi, na maji huchemka kabla hayajafika digrii 100. Nakuru huchemka kwa kiasi cha digrii 94, na Timboroa chini ya hapo. Ndani ya boila mambo ni kinyume. Mvuke umefungiwa hauna pa kutokea; kadiri unavyoongezeka ndivyo unavyoyakandamiza maji, na maji yaliyokandamizwa hukataa kuchemka mpaka yapate joto kubwa zaidi. Zile injini kubwa za Garratt za aina ya 59, zilizojengwa Manchester na Beyer, Peacock na kufika Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956, zilikuwa na shindikizo la ratili 225 kwa kila inchi moja ya mraba. Kwa shindikizo hilo maji ya boila yana joto la kiasi cha digrii 200, nayo yangali maji.

Hapa ndipo ilipo siri ya hatari. Ikiwa boila itapasuka, shindikizo huondoka kwa mara moja, na maji ya digrii 200 hayawezi kubaki maji. Karibu sehemu moja katika tano hugeuka kuwa mvuke kufumba na kufumbua, na painti moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutaka nafasi ya painti zaidi ya 1,600. Ndiyo sababu boila iliyopasuka haimwagi maji kama mtungi uliovunjika. Hulipuka kama baruti, na kuna boila zilizoruka zikaanguka mbali na reli. Mwezi wa Aprili 1865 boila za meli Sultana zilipasuka katika mto Mississippi, Marekani, na watu zaidi ya 1,100 wakafa.

Fikiri sasa juu ya paa la lile sanduku la moto. Chini yake kuna moto unaopita digrii 1,000. Juu yake kuna maji, na juu ya maji kuna mvuke unaokandamiza. Ratili 225 kwa kila inchi ya mraba ni zaidi ya tani 14 kwa kila futi moja ya mraba. Paa lenye futi 60 za mraba hubeba zaidi ya tani 860. Paa hilo ni bamba lisilofikia hata inchi moja kwa unene, nalo limefungwa kwa mamia ya fimbo za chuma zinazolishikilia kwenye ganda la nje la boila. Chuma cheupe kwa moto hakiwezi kubeba mzigo wa namna hiyo. Hulainika kama nta. Basi ni kitu gani kinachokizuia kisiwe chekundu, ilhali moto uko chini yake usiku na mchana? Ni maji tu. Maji huliondoa joto kwenye bamba kwa upesi ule ule unaoletwa na moto, hata bamba halizidi sana joto la maji yenyewe. Watoto wa vijijini hulijua jambo hili kwa mchezo: karatasi iliyokunjwa kama kikombe na kutiwa maji huweza kuwekwa juu ya moto mpaka maji yachemke, na karatasi isiungue. Maji yakikauka, karatasi huwaka mara moja. Paa la sanduku la moto ni kile kikombe cha karatasi.

Mmoja wa waliojifunza hatari ya boila kwa hasara alikuwa Richard Trevithick, Mwingereza aliyejenga injini ya kwanza kukokota magari juu ya reli, mwaka 1804. Mwaka mmoja kabla ya hapo boila yake moja ya kupigia maji ililipuka huko Greenwich, karibu na London, ikaua watu. Husimuliwa kwamba kijana aliyewekwa kuilinda alikuwa ameondoka kwenda kuvua mikunga, na mtu mwingine aliisimamisha injini bila kuufungulia mvuke njia ya kutokea. Trevithick hakuacha kazi yake. Alizitia boila zake vali mbili za usalama badala ya moja, na tena akabuni kizibo cha risasi kilichopigiliwa ndani ya chuma kinachopambana na moto. Maji yakipungua, risasi huyeyuka kabla ya chuma kulainika, na tundu lake hutoa mvuke na maji juu ya moto. Baada ya miaka 150 injini zilizopita Nakuru zilikuwa bado na vizibo vya namna hiyo katika mapaa yao. Walakini kizibo ni mlinzi anayepiga kelele mwizi akiwa ndani tayari. Wakati wa kuokoka ni kabla ya hapo.

Ifuate basi injini moja kutoka Rongai kwenda Timboroa. Inapanda. Pua yake iko juu na nyuma yake iko chini, kwa hiyo maji ndani ya boila hukimbilia nyuma, juu ya paa la sanduku la moto. Kioo kiko nyuma kabisa karibu na dereva, nacho huonyesha maji mengi. Tena mvuke unavutwa kwa nguvu, na maji yanayotoka mvuke kwa nguvu huvimba kwa mapovu kama uji unaotokota. Kwa hiyo kioo hudanganya mara mbili, na mara zote mbili hudanganya kwa wema: huonyesha maji kuwa mengi kuliko yalivyo.

Injini inafika kileleni. Dereva anaufunga mvuke, kwa maana gari sasa litajiteremkia lenyewe. Ile pumzi inakoma, na huu ndio ule kimya. Saa ile ile mambo mawili hutendeka. Mapovu hutulia na maji yaliyovimba hushuka. Na pua ya injini inapoinama kuteremka, maji yote hukimbilia mbele, mbali na paa la moto. Mahali penye mwinuko wa futi 1 kwa kila futi 50, boila yenye urefu wa futi 20 hupata tofauti ya karibu inchi 5 kati ya ncha moja na nyingine. Na kutoka kupanda hadi kuteremka tofauti hiyo hugeuka kutoka upande mmoja hadi upande wa pili. Mtu aliyefika kileleni akiwa na nusu kioo, akijiona yu salama, huweza kukiona kioo kikiwa kitupu kabla gari lote halijavuka. Moto nao bado ni mkali, maana ulichochewa kwa ajili ya mlima.

Kwa hiyo mchocheaji mwenye akili hakuanza kufikiri juu ya maji alipokiona kilele. Alianza maili kadhaa kabla ya hapo. Alijaza maji mapema, kidogo kidogo, maana maji baridi yakiingizwa mengi kwa mara moja huupunguza mvuke pale pale ambapo dereva auhitaji kupita wakati wowote. Akitia machache mno, kilele kitamwumbua. Akitia mengi mno, mvuke utapungua na gari litasimama mlimani na magari mengine nyuma yake. Kuipata njia ya katikati, katika giza na mvua ya Mau, ndiko kulikomtofautisha mchocheaji bora na mtu wa kufungua vali tu. Wengi wa madereva na mafundi wa zamani walikuwa wenye asili ya Uhindi, na Waafrika wakawa wachocheaji na wasaidizi. Baadaye Waafrika nao wakakalia kiti cha dereva, na hapana shaka kwamba elimu hii ya maji waliipata mlimani zaidi kuliko katika vitabu.

Njia ya kuingiza maji nayo ni ajabu. Boila ina shindikizo la ratili 225, maji ya tangini hayana shindikizo lolote, yatawezaje kuingia? Mwaka 1858 Mfaransa Henri Giffard alipata hati ya kifaa kiitwacho injekta, kisicho na gurudumu wala pistoni. Mvuke wa boila ile ile hupitishwa katika mdomo mwembamba ukatoka kwa kasi kubwa mno, ukakutana na maji baridi, ukageuka kuwa maji, na kasi yake ikabaki katika yale maji. Maji hayo yaendayo mbio yakipunguzwa mwendo katika bomba linalopanuka hupata shindikizo lipitalo lile la boila, yakausukuma mlango na kuingia. Wako waliosoma jambo hili mara tatu wakaendelea kulitilia shaka mpaka walipoliona. Ila injekta ina masharti yake: maji ya tangini yakiwa ya moto, mvuke haugeuki vizuri, na kifaa hukataa kazi na kutapika maji chini. Kwa hiyo kila injini ilikuwa na njia mbili za kuingizia maji, isije ikategemea moja.

Injini za Garratt zilikuwa na nafuu katika habari ya milima. Herbert William Garratt aliomba hati ya mpango wake mwaka 1907: boila imening'inizwa katikati, na magurudumu yako chini ya tangi la mbele na la nyuma. Kwa kuwa hapana magurudumu chini ya boila, iliwezekana kuifanya nene na fupi, na sanduku la moto kuwa pana. Boila fupi haiyumbishi maji sana injini iinamapo. Garratt za kwanza za Reli ya Kenya na Uganda zilifika mwaka 1926, na baadaye zilikuja nyingine nyingi zilizopita Nakuru kwenda magharibi. Aina ya 59, yenye uzito wa tani 252, ilifanya kazi hasa kati ya Mombasa na Nairobi.

Hata hivyo Bonde la Ufa lilikuwa na mtego mwingine usiokuwa wa milima, nao ni maji yenyewe. Ziwa Nakuru hupokea mito, mmojawapo ni Mto Njoro, lakini hakuna mto utokao humo. Jua huyachukua maji na kuyaacha magadi. Kwa maelfu ya miaka ziwa limekuwa likipikwa polepole bila kuoshwa, na ndiyo sababu maji yake hayanyweki. Maziwa ya Elmenteita na Bogoria ni vivyo hivyo. Naivasha ni tamu. (Tangu miaka ya 2010 maji ya Ziwa Nakuru yameongezeka mno, ukali wake umepungua, na heroe wengi wamehamia mahali pengine.) Maji ya visima virefu vingi vya bondeni nayo yana magadi, pamoja na floridi iliyotia rangi ya hudhurungi meno ya watu wengi waliokulia huko.

Boila ni ziwa dogo la namna hiyo. Mvuke utokao ni maji safi. Kila kilichokuwa ndani ya maji hubaki nyuma. Tangi za Garratt moja ya aina ya 59 zilichukua galoni 8,600, uzito wa tani 38, nazo zilijazwa tena na tena njiani. Kila zilipomalizika, taka zake zote zilikuwa zimebaki ndani ya boila. Ikiwa maji ni ya chokaa, taka hizo hugandamana kwenye mirija na juu ya paa la moto zikawa ukoko mgumu kama ule wa birika la chai. Ukoko huo ni blanketi: joto halipiti, maji hayaligusi bamba, na bamba hupata moto kana kwamba maji hayapo, hata kama kioo kimejaa.

Dawa ya chokaa ni magadi. Yakitiwa kwa kipimo, chokaa huwa tope laini badala ya ukoko, na tope huweza kuoshwa. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba reli ya kwenda Ziwa Magadi, iliyofunguliwa mwaka 1915, ilisafirisha magadi kwa magunia na mabehewa, ilhali mafundi wa boila walikuwa wakiyaogopa magadi yale yale yanapokuja yenyewe ndani ya maji. Kwa maana yakizidi, maji hutoka povu kama ya kufulia nguo. Povu hupanda na kuingia katika silinda. Mvuke huweza kubanwa. Maji hayabanwi, na pistoni ikikutana na maji mengi huweza kuvunja kifuniko cha silinda. Tena povu hukijaza kioo, na mchocheaji haoni kama ayaonayo ni maji au ni mapovu tu. Magadi makali yakipenya katika viungo vya ribiti huweza pia kukipasua chuma kwa nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho. Katika nchi nyingi mafundi walitia tanini ili kupunguza madhara hayo, nayo ni dawa ile ile ya ngozi ipatikanayo katika magome ya miwati, mti uliopandwa kwa wingi katika nyanda za juu za Kenya.

Lakini hapakuwa na dawa iliyoshinda kuosha. Safarini mchocheaji alifungua vali ya chini kwa muda mfupi, na maji mazito yenye tope yakatoka kwa kishindo kando ya reli. Na kila baada ya siku kadhaa injini ilipelekwa shedi, moto ukazimwa, boila ikaachwa ipoe polepole ili chuma kisijikunje ghafula, kisha vizibo vya kuoshea vikafunguliwa vyote. Mafundi waliingiza mipira ya maji yenye nguvu na fimbo ndefu, wakakwangua, wakamulika taa ndani, wakatazama juu ya paa la sanduku la moto kama kuna ukoko uliosalia, wakagonga fimbo za kushikilia kwa nyundo na kusikiliza. Fimbo nzima hulia. Iliyovunjika hutoa sauti iliyokufa. Kazi hii haikusifiwa na mtu yeyote aliyepanda gari. Mafundi hao walitoka humo wamelowa na weusi, na injini iliyoondoka ilionekana ni ile ile iliyoingia.

Mwenye kupokea injini hakukiamini kioo kwa kukitazama tu. Kioo huungana na boila kwa matundu mawili, moja la juu katika mvuke na moja la chini katika maji. Tundu likizibwa na tope, maji yaliyo ndani ya kioo husimama pale pale, yakionyesha habari za jana. Kwa hiyo desturi ilikuwa kuzifunga na kuzifungua koki moja moja, kuyatoa maji ya kioo yote, na kuangalia jinsi yanavyorudi. Yakirudi kwa haraka na kuchezacheza, kioo ni kizima. Yakirudi polepole kama mzee apandaye ngazi, injini haikuondoka. Vioo vilikuwa viwili, ili kimoja kikishuhudia uongo kingine kikanushe.

Na ikiwa maji yamepotea kabisa katika kioo? Mtu asiyefundishwa atakimbilia kuingiza maji. Naye yu hatarini, kwa maana paa likiwa limekwisha kuwa jekundu, maji yanayomwagika juu yake hutoa mvuke mwingi wa ghafula, na chuma kilicholainika hakina nguvu ya kuuzuia. Jambo la kwanza ni kuuondoa moto. Katika injini za kuni na makaa hilo lilikuwa kazi ngumu. Moto ulifukiwa kwa udongo au kwa makaa yaliyoloweshwa, au kutupwa nje. Katika injini za mafuta mchocheaji alifunga vali moja tu, na moto ukafa. Kwa sababu hiyo injini za mafuta zilikuwa na rehema kidogo zaidi kwa mtu aliyekosea, mradi alifunga kwa wakati.

Injini za dizeli zilizichukua kazi za mvuke katika miaka ya 1960 na 1970. Garratt mbili za aina ya 59 zimehifadhiwa Nairobi, katika jumba la makumbusho ya reli lililofunguliwa mwaka 1971. Moja huitwa Mount Gelai na nyingine Mount Shengena. Katika boila za namna hiyo vioo vya maji huwa ukutani kwa nyuma, mbele ya macho ya dereva na ya mchocheaji. Ncha ya chini ya kioo haikuwekwa sawasawa na paa la sanduku la moto, bali juu yake kidogo, hata maji yanapopotea machoni bado yapo, inchi chache tu, juu ya chuma. Muda ule, kabla inchi hizo hazijageuka mvuke, ndio pekee uliokuwa mikononi mwa mchocheaji.